Kabla ya kulipia gari la porini, lala chini ulitazame tumbo

Leo naanza kwa kujianika mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 2018, baada ya kujinyima kwa miaka minne na kupokea zamu yangu ya chama, niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbuzi mwenyewe alikuwa gari kuukuu la foo-wili, yaani lile linalosukumwa na magurudumu yote manne. Lilimetameta rangi, lilikuwa na tairi nene zenye meno kama ya mamba, na ubavuni liliandikwa "4x4" kwa herufi ambazo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Jina la gari na la aliyeniuzia nayameza. Kosa lilikuwa langu.

Wiki ya tatu tangu nilinunue, shule zikiwa zimefungwa, nilipakia mama watoto, binti yetu wa miaka sita na kaka yake wa miaka tisa, tukaelekea mlima Suswa, ule uliolala Bonde la Ufa kati ya Mai Mahiu na Narok. Kama hujafika huko, jua kwamba ni mlima wa volkeno wenye mapango ambamo nyani hulala usiku, na mahali ambapo wenyeji hukinga mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba ili wapate maji. Njia ya kupanda ni mawe na vumbi laini kama unga, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Tulipofika kwenye mwinuko mmoja mkali, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Sikuogopa. Si nina foo-wili bwana! Nikavuta ile gia fupi iliyo kando ya gia kubwa, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, nikakanyaga mafuta kwa maringo. Gari lilinguruma, likatetemeka, kisha polepole likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki, likateleza upande, na gurudumu moja la nyuma likaingia kwenye mtaro uliochimbwa na maji. Upande wa binti yangu ndio ulioinamia korongo. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, tunaanguka?" Nawaambia wazazi wenzangu, swali hilo bado nalisikia usiku.

Tuliteremka mmoja mmoja. Akaja mzee mmoja Mmaasai na mbuzi wake, tukasalimiana, "Sopa", "Ipa", akalizunguka gari na fimbo yake mabegani. Akaniambia nijaribu tena yeye akitazama. Nilipokanyaga mafuta aliinua mkono nisimame. "Haya ya mbele," akasema akiyaonyesha kwa fimbo, "mbona hayazunguki?"

Mzee huyo hakuwa fundi, lakini aliona kwa dakika moja nisichokiona kwa wiki tatu. Tulivutwa jioni na trekta, na Jumatatu fundi wangu aliingia chini ya gari akacheka mpaka akakohoa. "Bosi," akasema, "propela ya mbele haiko." Propela, kwa asiyejua, ni ile nguzo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Difu ya mbele ilikuwa imesagika, na badala ya kuitengeneza, mtu aliondoa propela ili isipige kelele. Ile taa ya kijani iliwaka kwa sababu huwashwa na giaboksi ndogo, wala haijui kama mbele yake kuna propela au kuna hewa. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa laki saba nipate foo-wili, nikapewa tu-wili iliyovaa viatu vya foo-wili. Kulitengeneza kulikula laki moja na elfu themanini. Karo ya muhula wa kwanza tuliikopa.

Tangu nisimulie kisa hicho kwenye ukurasa huu kwa kifupi miezi michache iliyopita, wasomaji hawajaniacha nipumue. Wengi wanataka kujua wanunue gari gani. Wanataka jina. Nami nawajibu kwamba jina huja la tatu. La kwanza ni unakwenda wapi, la pili ni hali ya gari lenyewe lililo mbele yako.

Tuanze na safari. Kuna njia ambazo baba zetu walizihofu na leo ni lami tupu. Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale, iliyokuwa ikivunja malori chuma kwa chuma, sasa unaweza kuipita na kigari cha mjini ukinywa soda. Magadi pia unafika kwa lami. Ikiwa raha yako ni Naivasha, Nanyuki na kwenu kijijini wakati wa Krismasi, okoa pesa zako. Gari la kawaida lililoinuka kidogo na lenye tairi nzuri litakutosha, isipokuwa kama kwenu ni zile ridge za majani chai ambako Aprili hata punda hutafuta pa kushika. Hapo twende pamoja.

Lakini ukitaka Suswa, au kuvuka Magadi uelekee Nguruman, au kuzunguka jangwa la Chalbi, au kupanda Aberdare msimu wa matope, hapo unahitaji gari lenye mambo matatu: liwe limeinuka juu ya mawe, liwe na chasi imara, na liwe na ile gia ndogo ambayo mafundi huiita "lo".

Niruhusu nikae kidogo kwenye hiyo "lo", kwa sababu hapo ndipo watu wa mjini huchanganyikiwa. Magari mengi yaliyojaa Nairobi, kama vile Subaru Forester, Toyota RAV4 na Nissan X-Trail, hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote. Ni magari mazuri, na kwenye barabara ya udongo yenye utelezi hukufikisha. Ila mengi yake hayana "lo". Gia hiyo hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu mara mbili au zaidi, hivi kwamba gari hupanda mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuchoma klachi. Na faida yake kubwa si kupanda. Ni kushuka. Ukiteremka mlima mrefu kwa kukanyaga breki tu, breki hupata moto na mwishowe hukataa kushika. Ukiwa kwenye "lo" na gia ya kwanza, injini yenyewe hulizuia gari, mguu wako ukiwa umepumzika. Mwenye watoto kiti cha nyuma anaelewa ninachosema.

Sasa majina, maana najua hamtaniacha. Na tukumbuke tunazungumza kuhusu magari ambayo tayari yako nchini. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo hilo kuukuu la bei nafuu unalolitaka limekwisha pita mikono miwili, mitatu au sita hapa hapa Kenya. Mikono hiyo ndiyo unayoinunua.

Kwa mfuko mdogo, mimi husema Suzuki, tena bila haya. Zile Sierra ndogo za zamani zenye injini ya lita moja, na Jimny zilizofuata kuanzia 1998 zikiwa na lita 1.3, zina chasi kamili, ekseli nzima mbele na nyuma, na "lo". Ni nyepesi, na wepesi kwenye matope ni nusu ya ushindi, kwani pale gari zito linapodidimia hii huelea. Sierra ina springi bapa kama za lori na itakutikisa figo. Jimny ina springi za kujikunja, ni afadhali. Ubaya wake ni nafasi. Watu wazima wawili, watoto wawili, na mizigo juu ya kichwa cha mtu. Familia ikiwa kubwa kidogo, tazama Escudo au Vitara za miaka ya 1990, zenye chasi ya ngazi na "lo" vilevile.

Pajero lilikuwa gari la wakubwa miaka hiyo ya 1990, na sisi wengine tulilitazama likipita kwa vumbi. Leo lile la kizazi cha pili, lililotoka kuanzia 1991, limeshuka hadi kwenye mfuko wa mwalimu. Ni zuri likiwa zima: lina nafasi, na hukuruhusu kutumia foo-wili hata kwenye lami. Lakini mengi yamechoka, na wenye nayo wa mwisho mwisho hawakuwa na pesa za kuyatunza kama wenye nayo wa kwanza.

Prado la 1996 hadi 2002 ndilo ndoto ya wengi, na spea zake utazipata hata kwenye duka lisilo na mlango. Hili huuzwa ghali kwa sababu ya sifa. Ukilipata la dizeli lenye injini ya lita tatu, uliza mara mbili kama limewahi kuchemka, kwani injini hiyo ikichemka sana silinda hedi hupasuka, na hedi si bei ya sufuria. Land Cruiser zile za mabegi marefu, wanazotumia polisi na wachukuzi wa kaskazini, ni chuma cha kweli. Na kwa kuwa kila mtu anajua hivyo, hata la miaka ishirini na mitano bado lina bei ya kukufanya ukae chini.

Kuna Land Rover. Kila mtaa una mzee mmoja atakayekwambia hakuna gari jingine duniani. Mzee huyo hana makosa sana. Defender ya zamani, iliyoacha kutengenezwa mwaka wa 2016, ni rahisi kufungua kwa spana chache na ni nadra kukosa fundi anayeijua. Ila sikiliza hili: bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu, kwa hiyo kwa nje itakuonekania nzima. Chasi iliyo chini ni ya chuma cha kawaida, na hiyo huoza kimya kimya, hasa sehemu ya nyuma.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kukufikisha. Chini.

Siku ya kwenda kutazama gari, vaa nguo kuukuu. Beba tochi, nyundo ndogo na gunia la kulalia. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya kusalimiana vizuri, weka kiganja juu ya boneti. Kukiwa na joto, ujue limewashwa mapema ili usisikie linavyokohoa asubuhi. Mrudie kesho.

Kisha lala chini. Wauzaji wengi watashtuka, na mshtuko wao ni habari tosha. Mulika tochi ufuate chasi kutoka mbele hadi nyuma ukiigonga polepole kwa nyundo. Chuma kizima hulia ngii. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi ya lami mbichi, tena jana, jiulize ni nani hupamba mahali pasipoonekana na mtu. Magari yaliyofanya kazi pwani yachunguze mara mbili kwa sababu ya chumvi. Hata yatokayo Japani si yote salama, kwani kaskazini mwa nchi hiyo humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Tazama pia mahali ambapo boksi la usukani limefungwa kwenye chasi, na kwenye mikono ya springi, kama kuna ufa au weldingi ya jua kali. Weldingi si dhambi. Weldingi iliyofichwa ndiyo dhambi.

Ukiwa bado chini, hesabu propela. Ziwe mbili, moja kwenda mbele na moja nyuma. Binti yangu sasa anaifanya kazi hiyo. Kila rafiki yetu akija na gari jipya, yeye huingia chini na tochi na kutangaza, "Ziko mbili!" Wengine huona ni utundu.

Kuamka kwako, fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute mweupe kama uji wa maziwa, maji yameingia kwenye oili, na wewe nenda nyumbani. Liwashe likiwa baridi, umsimamishe mwenzio nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji. Mweusi kidogo kwenye dizeli kuukuu si tatizo kubwa.

Halafu omba uwanja wa mchanga au changarawe, si lami. Foo-wili nyingi za zamani zikikatwa kona kali kwenye lami huku zimefungwa hujikaza na huweza kuvunja vyuma, kwa hiyo usikubali mtu akuonyeshe kwa njia hiyo. Kwenye changarawe, tia "lo" na gia ya kwanza, uachilie klachi polepole. Gari litambae. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, usikilize magurudumu ya mbele. Sauti ya "ka-ka-ka" ni viungo vya ekseli ya mbele vilivyokwisha. Mwombe mtu asimame nje atazame kama magurudumu ya mbele yanaweza kurusha changarawe. Mimi nilifundishwa hili na mzee mwenye fimbo, wewe nakupa bure.

Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi usizitegemee sana, maana hurudishwa nyuma kirahisi. Tazama kanyagio la klachi lilivyolika, na kiti cha dereva kilivyobonyea. Wala usidanganywe na herufi za namba ya usajili. Hizo hukuambia gari lilisajiliwa lini Kenya, halafu lenyewe laweza kuwa lilitembea Japani miaka saba kabla ya kuguswa na hewa ya Mombasa.

Kuhusu makaratasi nitapita haraka. Linganisha namba ya chasi iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logibuku, na utafute rekodi za gari kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla ya kutoa hata senti. Jina la benki likiwa bado kando ya jina la muuzaji, mkopo haujaisha.

Kisha pesa. Hapa ndipo tunapokosea sisi wenye mfuko mmoja. Ukiwa na laki sita, usitafute gari la laki sita. Tafuta la laki nne. Theluthi iliyobaki ni ya tairi, oili zote pamoja na za difu na giaboksi, belti, mipira ya radieta, bushi, shokomzoba na breki, vyote kabla hujatoka nje ya Nairobi. Kabla hata ya kuchagua aina, tembea Kirinyaga Road asubuhi moja, ile wazee bado wanaiita Grogan, uulize bei ya difu, klachi na hedi za magari mawili unayoyafikiria. Gari rahisi lenye spea ghali ni mgeni asiyeondoka. Na mafundi wawili tofauti walikague, mmoja akiwa hana undugu na muuzaji wala na wewe.

Kuna vijana wanne wa chuo huko Juja walioniandikia wakitaka kuchanga wanunue Sierra moja ya pamoja, wawe wakitoka nayo wikendi. Wanangu, wazo lenu nimelipenda kuliko mnavyodhani. Lakini andikianeni mapema: logibuku itakuwa kwa jina la nani, bima italipwa na nani Januari mfuko ukiwa mkavu, na mmoja akimaliza chuo arudi kwao Kakamega, fungu lake litanunuliwa kwa bei gani. Urafiki wa miaka mitatu umevunjika kwa sababu ya betri. Na mkitoka, tokeni na gari la pili hata kama ni la kukodi, muwe na kamba nene ya kuvutia, sepetu, jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea chini isizame, na maji ya kunywa ya siku moja zaidi ya safari yenu. Kwenye mchanga punguzeni upepo wa tairi, na msisahau pampu ya kuurudisha mkifika kwenye lami.

Lile gari langu nililitengeneza, nikalitumia mwaka mmoja na miezi, kisha nikaliuza. Aliyelinunua nilimlaza chini nikamwonyesha propela zote mbili, moja yake mpya, na nikamwambia difu ilifunguliwa lini na kwa nini. Akanipunguzia elfu arobaini kwa ajili ya ukweli huo. Siku hizi tuna Jimny. Mama watoto analalamika kwamba masanduku yanamkandamiza, kijana wetu amerefuka na magoti yake yako masikioni, lakini Suswa tumepanda mara tatu.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nitawajibu mlioniuliza kuhusu tairi zilizotumika, mahali pa kusoma umri wake, na kwa nini yenye meno makubwa si lazima iwe ndiyo nzuri.